Nimetoka 70 nikaweka 77: AC ya nyumbani kwetu Houston, na kwa nini mama ameacha kushinda na sweta

Habari zenu wapendwa wangu, karibuni tena nyumbani kwangu hapa Houston, Texas. Leo sijatoka, nimekaa tu sebuleni na sababu ni moja, nje hakutokeki. Sa hivi ni saa 9 alasiri, simu inaniambia 99, hiyo ni Farenhaiti, kwa hesabu zetu za nyumbani ni kama 37 hivi, halafu juu yake kuna unyevu maana Ghuba ya Mexico iko hapo chini tu, kwa hiyo nyie wa Tanga, Dar na Mombasa hili joto mnalijua kabisa, lile la mwezi wa pili, umeoga sasa hivi na kabla hujafika kituoni shati limeshashika mgongoni.

Wengi mmeniuliza kule kwenye komenti, dada mbona unasema bili ya umeme imeshuka na joto ndo kwanza linapanda? Ngoja niwaeleze vizuri.

Mama yangu alikuja mwezi wa tano kutoka Tanga. Alitukuta tunaishi kwenye 70, yaani nyuzi 21 za kwetu, ndo tulivozoea, hatukuwahi hata kuijadili. Wiki ya kwanza namuona mama anatoka chumbani asubuhi kavaa sweta, kajifunga kitenge juu yake, na soksi. Mwezi wa tano, Texas! Nikimuuliza anasema hamna neno mwanangu, nimezoea. Lakini mikono yake ukiishika ni baridi, na magoti yakaanza kumuuma. Akiona nimeingia bafuni anaenda taratibu anafungua dirisha la jikoni, anasema hewa iingie, nyumba haijafunguliwa tangu juzi. Jioni baba watoto anarudi, yeye anafanya kazi ghala ambalo ndani halina AC, amelowa mpaka kwenye mkanda, akiingia tu mlangoni moja kwa moja kwenye ile termostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia AC nyuzi za joto, anashusha mpaka 65 ili nyumba ipoe haraka. Basi ndo ikawa hivo kila siku, mmoja anafungua dirisha, mwingine anashusha namba, na mimi niko katikati. Bili ya mwezi wa sita ikaja dola 248, nyumba ya vyumba viwili!

Hapo ndo nikakaa chini nikasema hii kitu naisoma mpaka niielewe.

Kwanza hii ya kushusha 65 ili ipoe haraka, jamani, haifanyi kazi. Hizi AC za nyumba nyingi za huku, ile kompresa iliyoko nje ikiwaka imewaka, inapoza kwa nguvu ile ile ukiweka 65 au ukiweka 76. Ni kama unakinga maji bombani, uweke ndoo ya lita 20 au uweke pipa, maji yanatoka kasi ile ile, tofauti ni kwamba pipa litakuchukua muda kujaa na bomba litakuwa wazi muda wote huo. Nilimuonesha baba watoto kwa saa kabisa, siku mbili tofauti nyumba ikiwa imeshapata joto, siku moja 65 siku nyingine 75, muda wa kufika 75 ulikuwa karibu sawa. Kwenye 65 haikufika kabisa mchana ule, ilizunguka tu mpaka jua linazama.

Sasa kitu cha pili, na hiki ndo kikubwa, naomba mnisikilize hapa. Kinachotutesa sisi watu wa pwani siyo joto peke yake, ni unyevu. Jasho likishindwa kukauka mwili haupoi, basi. Na AC kazi yake ni mbili, inapoza na inakausha, ile hewa ya ndani ikipita kwenye koili, yaani yale mabomba membamba ya baridi ndani ya AC, maji yaliyomo kwenye hewa yanashika juu ya koili matone matone, kama glasi ya maji ya barafu mezani, halafu yanachuruzika kwenye bomba dogo yanatoka nje. Nilinunua kakipimio kadogo ka unyevu nikakaweka hapa juu ya kabati la TV. Kalisoma asilimia 63, na nyumba iko 70! Ndo maana shuka zilikuwa kama zina unyevunyevu na sakafu inanata ukitembea peku. Tunasikia hatuko sawa tunashusha namba, kumbe shida siyo namba.

Tatizo lilikuwa wapi? Njooni niwaoneshe. Hii hapa ndo termostati, mnaona chini kuna kiswichi kimeandikwa FAN, kina ON na AUTO. Yetu ilikuwa kwenye ON, sijui tangu lini, labda tangu tuhamie. Ukiweka ON, kompresa ikizima feni inaendelea kupuliza, na ile koili bado imelowa, kwa hiyo yale maji yote uliyolipia umeme kuyatoa kwenye hewa, feni inayarudisha ndani. Nikaweka AUTO. Na filta nikaenda kuitoa, iko nyuma ya huu mlango wa vitundu hapa koridoni, jamani ilikuwa nene kama blanketi, kijivu, vumbi na nywele, hewa ingepita wapi? Nimeweka mpya na sasa kila tarehe moja naicheki. Na mama nikamuomba kwa adabu, mama dirisha tusifungue AC ikiwa inawaka, linaingiza unyevu, ukikaanga samaki washa ile feni ya juu ya jiko inatoa moshi nje. Akanielewa vizuri tu, hakuna aliyekuwa amemueleza.

Baada ya siku mbili kale kakipimio kakashuka mpaka asilimia 51. Hapo nikaanza kupandisha namba kidogo kidogo, digrii moja kila baada ya siku mbili tatu, bila kelele, 71, 72, 73, mpaka 77. Mwili unahitaji muda kuzoea, ukiruka kutoka 70 kwenda 77 siku moja watu wote ndani watalalamika na watakuwa na haki.

Na pangaboi, ile feni ya darini! Tuna mapangaboi mawili hapa na yalikuwa pambo tu. Idara ya nishati ya Marekani wenyewe wanasema ukiwasha pangaboi unaweza kupandisha termostati kama digrii 4 za Farenhaiti na usione tofauti. Ila halipozi chumba, linampoza mtu, linakausha jasho mwilini, kwa hiyo ukitoka chumbani zima. Hao hao kwa miaka mingi walikuwa wanataja 78 ukiwa nyumbani, ambayo ni 25 na nusu kwetu. Mimi kwa nyumba yetu naona 77 mchana, usiku 75 maana mwili ukilala unataka ubaridi kidogo, na tukitoka wote kwenda kazini na kanisani naacha 83. Sizimi kabisa, kwa Houston ukizima unyevu unajaa humo ndani na kabatini nguo zinaota ukungu.

Kwa mzee au mtoto mchanga usinifuate mimi, mfuate yeye, mshike mikono na shingo. Mama yangu 77 ndo imemfaa. Na kitanda cha mtoto nimekisogeza kisiwe chini ya tundu la hewa, alikuwa anaamka pua imeziba kila siku.

Kitu kingine kinachonifanya niongee hivi kwa uchungu, nyie mnafikiri huku umeme hauna presha. Tarehe 10 mwezi wa nane 2023 Texas ilivunja rekodi yake ya matumizi, megawati 85,508 kwa wakati mmoja. Bwawa letu la umeme la Mwalimu Nyerere kule Tanzania uwezo wake wote ni megawati 2,115, sasa piga hesabu, ni kama mabwawa 40 hivi. Na msimu ule ERCOT wanaosimamia gridi ya hapa walitutangazia mara kadhaa tupunguze matumizi jioni. Sehemu kubwa ya kile kilele cha mchana ni hizi AC.

Sasa nyie wa nyumbani. Najua sa hivi Dar AC zimekuwa nyingi, na najua rimoti mnaweka 16, nimekaa kwenye hizo sebule, watu wamejifunika khanga na mita ya LUKU inasoma. Jaribuni 25 na feni mezani. Kama AC yako ni ile ya inveta, ikikaribia namba uliyoweka inapunguza kasi yenyewe na hapo ndo inakula umeme kidogo, ukiiweka 16 haifiki, haipumziki. Halafu angalieni kwenye rimoti kuna alama ya tone la maji, wengi hamjawahi kuibonyeza, hiyo ni ya kukausha hewa, msimu wa masika ambapo hakuna joto sana ila kila kitu kimelowa, hiyo inakutosha kabisa. Na zile filta za mbele, fungua mfuniko, vuta, osha na maji, anika kivulini, dakika 10 tu huhitaji fundi.

Bili iliyokuja juzi ni dola 171, na huu ndo mwezi wa joto kuliko ule wa 248.

Baba watoto akirudi sasa anaoga kwanza, anakaa chini ya pangaboi na maji ya ndimu, hagusi ukutani. Na mama, ngoja nigeuze kamera taratibu nisimuamshe, mnamuona pale kwenye kochi? Dera tu, miguu wazi, kalala tangu saa 8.