Udi Gani Unanuka Plastiki?

MISHI: Assalaam alaykum wasikilizaji, popote mlipo. Mkisikia honi za tuktuk leo mtuwie radhi. Mlango wa studio uko wazi.

ATHUMANI: Uko wazi kwa amri ya Mishi. Mimi nimefika hapa Ganjoni, Mombasa, nikatia kufuli kwa ndani kama siku zote, wezi nao hawana likizo, nikafokewa kama mtoto wa chuo.

MISHI: Sikukufokea, kaka. Nilikuuliza ufunguo uko wapi. Ukajipapasa mifuko yote minne.

ATHUMANI: Ulikuwa chini ya kompyuta! Haya, waeleze watu yaliyokukuta Jumamosi.

MISHI: Jumamosi tulikuwa na kupamba, binamu yangu anaolewa. Ukumbi siutaji. Wanaume hakuna, mapazia yameshushwa, mabuibui yamevuliwa, mengine yametundikwa, mengine yako rundo kwenye viti vya nyuma. Viatu mlangoni kwa sababu ndani ni mazulia. Bibi harusi ashatolewa, taarabu imepamba moto...

ATHUMANI: Chagua maneno, dadangu.

MISHI: Ndilo neno lake! Basi mara moshi ukaanza kuingia chini ya pazia, upande wa jenereta. Unadhani tulifanya nini?

ATHUMANI: Ukelele, mbio.

MISHI: Tulitazamana. Mama mmoja jirani yangu akasema, "Udi huo, wanafukiza." Tukatulia. Mimi nikamega sambusa. Kisha nikajiuliza, udi gani unanuka plastiki? Lakini nikitazama meza hii, wanakula. Meza ile, wanakula. Nikaona aibu niwe wa kwanza kuinuka, nionekane mwoga mbele ya wakwe.

ATHUMANI: Hiyo imepimwa, sikutanii. Marekani, matokeo yalitoka 1968, Latané na Darley. Wanaume wanafunzi wa chuo kikuu wanajaza fomu chumbani, moshi unapenyezwa kwenye tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 kwa kila 100 walitoka kwenda kusema. Lakini waliokalishwa na watu wawili waliofundishwa wakauke tu, waendelee kuandika? Mmoja katika kumi! Wengine wanakohoa, wanapikicha macho, wanaupepea moshi kwa mkono ili waione fomu.

MISHI: Kama mimi na sambusa yangu.

ATHUMANI: Kumbe kila mmoja anamsoma mwenzake, na mwenzake naye anamsoma yeye.

MISHI: Basi hatimaye mtu akasema "moto", tukainuka. Sasa ndiyo ikaja kazi. Wanawake wamevaa nguo za ndani ya ukumbi, mabega wazi, nje wamejaa madereva na vijana wa jenereta. Nani atoke bila buibui? Na mabuibui yote ni meusi! Mtu anainua hili, analinusa manukato, silo, analirudisha. Wallahi analirudisha vizuri!

ATHUMANI: Nawe?

MISHI: Nilinusa matatu. Tukafika mlangoni, shangazi yangu ameinama kwenye rundo la viatu anatafuta ndara ya pili.

ATHUMANI: Mkamkanyaga.

MISHI: Tulipanga foleni nyuma yake! Moshi uko dari nzima, nasi tunamngoja mtu mzima avae. Aliyesukuma hakuna, tusi hakuna, mmoja akamsaidia kutafuta.

ATHUMANI: Kwa hiyo adabu ingewaua.

MISHI: Ingetuua. Mtu akikwambia watu huingiwa na taharuki wakakanyagana, mwambie mimi nilikuwako. Aliyetuokoa ni mpishi wa pilau. Alitokea nyuma na upawa mkononi: "Acheni viatu! Piteni huku, mlango wa jikoni!" Akazing'oa shuka za meza akaturushia tujistiri, sahani zikaenda chini. Watu wakamfuata kama kuku. Na mlango huo, Athumani, sinia zilikuwa zikipita hapo usiku kucha. Nimetazama sinia, mlango sikuuona.

ATHUMANI: Uliuona, ila kwako haukuwa mlango. Mlango wako ni ule ulioingilia. Mwaka 2003, Februari, klabu moja ya West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji ukutani. Video ipo. Mwanzoni watu wanatazama tu, wengine wanadhani ni sehemu ya burudani. Kisha wengi wakageukia mlango wa mbele. Hazikutimia dakika mbili mlango ukaziba kwa watu. Walikufa 100, na milango mingine ilikuwako.

MISHI: Na mpishi wangu ana pacha wake huko Kentucky, Marekani, 1977, klabu ya Beverly Hills iliposhika moto. Kijana wa miaka 18, kazi yake kuondoa sahani. Alipanda jukwaani mbele ya wachekeshaji, akachukua maikrofoni, akawaonyesha watu milango na kuwaambia watoke. Wengine walidhani anachekesha. Walikufa 165, lakini waliomsikia wakainuka ni wengi.

ATHUMANI: Ila hapo nakupinga kidogo. Usinambie hakuna kukanyagana kabisa. Moto wa ukumbi wa maigizo wa Iroquois, Chicago, Desemba 1903, walikufa 602, na miili ilirundikana milangoni.

MISHI: Ilirundikana kwenye milango ya aina gani? Mingine imefungwa, mingine inafunguka kwa ndani, mingine ina komeo ambalo mtazamaji hajapata kuliona maishani. Walio nyuma hawajui kama mbele pamekwama. Ukiita hilo taharuki, umemwondolea lawama aliyefunga mlango.

ATHUMANI: Nakubali nusu. Mwenye jengo akisikia "taharuki" hupumua.

MISHI: Na hatuna haja ya kwenda Chicago. Bombolulu, Machi 1998.

ATHUMANI: Wasikilizaji wageni, si Bombolulu hii ya Kisauni. Ni shule ya wasichana, upande wa Mazeras.

MISHI: Bweni linawaka moto usiku, mlango umefungwa, madirisha yana nondo. Walikufa wasichana zaidi ya 20. Nenda Kyanguli, Machakos, 2001, wavulana 67. Nondo tena, kufuli tena. Hao utawaambia walitaharuki?

ATHUMANI: Hapana.

MISHI: Mamangu mpaka leo akipita Mazeras hunyamaza kwenye matatu.

ATHUMANI: ...Sheria nayo ipo, ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Watu wakiwa kazini, mlango wa kutokea usifungwe kiasi kwamba aliye ndani hawezi kuufungua mara moja. Sasa zungukeni maduka ya mjini mtazame mlango wa nyuma. Umewekewa marobota ya khanga mpaka juu.

MISHI: Na mwenye duka atakwambia, "Nikiuacha wazi, mali inatoka." Si uongo pia.

ATHUMANI: Hata mimi na kufuli langu. Moto wenu uliishia wapi?

MISHI: Waya wa jenereta. Kijana aliuzima kwa ndoo mbili za mchanga kabla zimamoto hawajafika. Tukarudi ndani tukala pilau.

ATHUMANI: Mkarudi?

MISHI: Pilau limeshaiva, ungefanyaje? Lakini shangazi hakukaa mahali pake. Alivuta kiti mpaka mlango wa jikoni, akakaa na ndara zake miguuni, juu ya zulia. Msimamizi wa ukumbi akaja: "Mama, viatu." Akamtazama, akaendelea kula.

ATHUMANI: Ndara zote mbili?

MISHI: Moja yake, nyingine ya mtu.