Georgia Haikudumaa kwa Kukosa Watumwa

Nimeshalisema hili mara nyingi, na leo nalisema tena, maana hakosekani anayenyoosha mkono kuniambia Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika Kaskazini, ilidumaa kwa sababu ilipiga marufuku utumwa. Jamani! Tuanze na viwavi.

Mwaka 1733 James Oglethorpe aliwashusha watu zaidi ya 100 ukingoni mwa mto Savannah, kwa ridhaa ya mzee Tomochichi, kiongozi wa Wayamacraw, wenyeji wa huko. Wadhamini wenzake, yaani waliopewa kuliendesha koloni, walibaki London. Hakuna mwingine kati yao aliyekanyaga Georgia. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakaamua, wakiwa huko huko London, kwamba watu hawa watafuga viwavi wa hariri, kwa kuwa porini kuna miforosadi. Kweli ilikuwepo, ila ni mforosadi mwekundu. Kiwavi wa hariri anastawi kwa majani ya mforosadi mweupe. Basi ikabidi ipandwe mingine. Halafu huyo kiwavi ana madeko: anakula mchana na usiku, majani mabichi lakini yasiyo na umande. Nani wa kumlisha? Mtu aliyezoea vichochoro vya London, na msitu wake bado haujafyekwa! Mwaka 1735 Malkia Caroline akavaa gauni la hariri ya Georgia, wakubwa wakajipongeza. Gauni moja!

Na ardhi? Ekari 50, huwezi kuuza, na mwanzoni binti hakurithi. Ukifa huna mtoto wa kiume, jasho lako linarudi kwa Wadhamini. Nani atang'oa visiki kwa masharti hayo?

Najua mtasema: mbona jirani yao South Carolina ilitajirika kwa mpunga? Ilitajirika, ndiyo. Nani alisimama kwenye yale matope? Watumwa! Mwaka 1739 Waskoti wa Darien, kijiji cha humo humo Georgia, waliandika barua kupinga utumwa kuingizwa, wakisema ni jambo la kutisha kumhukumu binadamu na uzao wake utumwa wa milele. Nao walikuwa maskini, wenye visiki vyao.

Msidhani Wadhamini walikuwa malaika. Oglethorpe mwenyewe alikuwa na cheo katika kampuni ya Kiingereza iliyouza Waafrika. Marufuku yao ilitokana pia na woga: waliogopa Wahispania wa Florida, waliowapa uhuru watumwa waliotoroka.

Muda umeniishia. Marufuku iliondolewa 1751, mwaka uliofuata Wadhamini wakarudisha koloni kwa mfalme. Kufikia 1775 karibu nusu ya watu wa Georgia walikuwa watumwa. Huko ndiko mnakoita kukua? Haya, yule bwana wa nyuma, uliza.