Tafuteni Kibao, Siyo Nyayo

Ndugu zangu, mliotoka Syracuse na Utica mnanijua, na nitakalosema mmeshalisikia. Nalisema tena. Mkiingia milima ya Adirondack, hapa jimboni New York, wakati wa theluji, msifuate nyayo. Fuateni vibao.

Vibao vyenyewe mmeviona: viduara vya plastiki vilivyopigiliwa misumari kwenye miti, vya bluu, vyekundu au vya njano. Njia ya Van Hoevenberg, ya kupandia Mlima Marcy, ni ya bluu. Ukiona vyekundu umeshaingia njia nyingine, hata kama mbele yako kumepita jeshi zima.

Niliwahi kuwakuta vijana wamesimama katikati ya misprusi, miti ile jamii ya misonobari, viatu vya theluji, vile vipana vya kutembelea juu yake, miguuni na bado wamezama hadi magotini, wanatazamana tu. Mnakwenda wapi? Kileleni. Nani kawaleta huku? Nyayo! Tukazifuata hadi zilipoishia, nyuma ya mti mkubwa, na pale kwenye theluji pana doa. La njano, naam, lakini si kibao. Bwana alikwenda haja, akarudi zake njiani. Aliyemfuata akadhani ndiyo njia, wa tatu akamwamini wa pili, na hao wengine wakakuta barabara imeshachongwa. Mnacheka! Vijana wale hawakuwa wakicheka, kiza kilikuwa kinaingia.

Sasa sikilizeni. Ukifika kwenye kibao, simama. Usiondoke mpaka uone kinachofuata. Hukioni? Geuka nyuma, mara nyingi vibao vimewekwa kwa wanaokwenda na wanaorudi, kwa hiyo vya kurudia vitakuonyesha mstari unaelekea wapi. Bado? Mmoja abaki pale pale, mwingine asogee mbele kidogo huku wakiitana. Akikosa, arudi kwa nyayo zake mwenyewe. Hizo tu ndizo ninazoziruhusu. Halafu tazameni chini! Kibao cha kiangazi kiko usawa wa kichwa, lakini theluji ikijaa mita moja na zaidi, kiko kiunoni, au kimejificha chini ya theluji iliyogandia shina. Pangusa kwa glovu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa siongei kwa mafumbo.

Najua yupo pale nyuma anayesema moyoni, "Mimi nina simu." Haya. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri chaji inakwisha unaiona, na kwa glovu nene kioo hakikusikii. Iweke ndani ya koti, karibu na mwili, na ubebe ramani ya karatasi. Mwingine anasema haya ni mambo ya Wazungu. Ya Wazungu? Viatu vya theluji ni vya wenyeji wa Amerika Kaskazini, Wakree, Waojibwe na wengineo, waliopinda mbao na kuzisuka kwa kamba za ngozi. Wazungu waliwakuta navyo, wakaazima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Misprusi michanga ikifunikwa, chini ya matawi hubaki uwazi; ukikanyaga juu yake unatumbukia hadi kiunoni, na kujitoa ni kazi. Sababu nyingine ya kutotoka njiani. Sheria: eneo la High Peaks, la vilele virefu vya milima hii, theluji ikifika sentimita 20, ni lazima viatu vya theluji au skii. Msiniambie mna buti imara. Buti huacha shimo, shimo linaganda, na anayekuja nyuma yako anavunjika mguu humo. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni, tochi ya kichwani ibebe hata kama unakwenda na kurudi asubuhi. Kuhusu mavazi nilikuwa na mengi, tuyaache. Jinzi usivae.

Maswali? La simu nimeshalijibu.