Gamba na Gharama Yake: Mhadhara juu ya Moluska wa Mwambao Wetu

Asalaam alaikum, na habari za asubuhi. Waliokaa nyuma wasogee mbele kidogo, maana sinia hii haionekani ukiwa mbali. Juu yake kuna pweza wa kilo moja na robo, kombe watatu, chaza mmoja wa lulu, kauri, konokono mrefu wa mikokoni, na mfupa wa dome uliookotwa ufukweni. Kiumbe wa mwisho yumo ndani ya ile chupa yenye kifuniko chekundu, na atabaki humo humo.

Hawa wote ni moluska. Spishi zilizokwisha kuelezwa na wataalamu zinapita 70,000, na kundi linalowazidi wanyama hawa kwa wingi ni moja tu, lile la wadudu, kaa, buibui na jamaa zao. Ukimweka pweza ubavuni mwa kombe, ni vigumu kuamini kwamba ni ndugu. Udugu wao uko ndani, basi tufungue.

Mwili wa moluska una sehemu tatu. Kuna mguu, nyama ngumu ya kutambalia, kuchimbia au kushikia. Kuna fungu la matumbo, yaani ini, utumbo na viungo vya uzazi. Halafu kuna ngozi inayolifunika fungu hilo kama vazi, ambayo leo nitaiita joho. Kati ya joho na mwili pana uwazi, na humo ndimo yamo matamvua ya kupumulia, na humo ndimo haja hutokea. Mdomoni kuna radula, utepe wenye safu za meno madogo, unaokwenda mbele na nyuma kama tupa ya fundi. Meno ya mbele yakisagika, ya nyuma husogea kushika nafasi. Wale viumbe bapa wanaoganda mwambani, wenye vipande vinane mgongoni, meno yao yamevikwa magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Ndiyo maana wanaweza kukwangua jiwe usiku kucha wakitafuta mwani.

Gamba ni kazi ya joho. Ukingo wa joho hutoa utando wa protini, kisha huweka chokaa juu yake tabaka kwa tabaka. Kaa hujivua gamba na kupata jipya. Konokono hana ruhusa hiyo, huongeza ukingoni tu. Tazameni ncha ya huyu wa mikokoni. Vile vizunguko vidogo kileleni ndivyo alivyokuwa navyo alipokuwa mdogo kuliko punje ya mtama, ingawa kwa wakubwa mara nyingi ncha huwa imelika. Na huu mstari uliopinda hapa ubavuni ni kovu: kaa alimvunja ukingo, joho likaziba.

Gamba ni ulinzi, lakini ni mzigo vilevile. Kila mmoja hapa mezani ameamua namna yake ya kuishi na mzigo huo, na uamuzi huo ndio unaoeleza tabia zake.

Kombe ameamua kujifungia kabisa. Gamba mbili, bawaba moja, na kichwa kimepotea! Hana radula, maana hana cha kukwangua. Anavuta maji, matamvua yanachuja vijidudu na mwani mdogo, kisha maji yanatoka upande wa pili. Sasa angalieni hapa kwenye bawaba. Kuna kano inayofanya kazi kama springi, na siku zote inavuta gamba zifunguke. Kinachozifunga ni msuli wa ndani, na msuli unahitaji uhai. Kwa hiyo kombe akifa, gamba hujifungua zenyewe. Hapo ndipo ilipo kanuni ya jikoni: mgonge yule aliyeachama kabla hajaingia sufuriani. Akijifunga, yu hai. Akibaki wazi, mtupe, kwa sababu hujui amekufa tangu lini.

Kupika hakuondoi kila kitu. Bakteria hufa kwa moto, lakini sumu za baadhi ya mwani, kama saksitoksini, hazivunjwi na maji yanayochemka. Mchujaji hukusanya kile kilichomo majini, kiwe kizuri au kibaya. Kombe wa karibu na mfereji wa maji machafu hawaliwi, hata wakinona namna gani. Na maji yanapobadilika rangi kwa wingi wa mwani, tunasubiri.

Mkimpasua kombe wa jamii ya Anadara, huyu mwenye mistari kama mbavu, mtaona damu nyekundu, maana ana himoglobini kama sisi. Moluska wengi wengine hubeba hewa kwa himosayanini, protini yenye shaba, na damu yao ikipata oksijeni hugeuka buluu. Majina nayo yanachanganya. Anayeitwa kombe kijiji hiki, kijiji cha pili ni chaza, kwa hiyo mkiandika takwimu za mavuno, wekeni na picha.

Huyu chaza wa lulu ana jambo moja la kusahihisha. Watu husema lulu huanza kwa punje ya mchanga. Chaza huingiwa na mchanga mara kwa mara, na huutema. Lulu ya asili huanza pale seli za joho zinaposukumwa ndani ya nyama, mara nyingi na kimelea au jeraha. Huko ndani zinaendelea na kazi ileile waliyoizoea, kuweka tabaka za kung'aa, ila sasa zinazunguka kifuko badala ya kupaka ukuta. Akina mama wa upande wa Fumba, Unguja, wanaofuga lulu nusu hutumia maarifa hayohayo. Kipande cha nusu duara hugundishwa ndani ya gamba, joho hukipaka, na baada ya miezi kadhaa hukatwa pamoja na gamba lake. Kikigundishwa karibu mno na ule msuli wa kufungia, hutoka kimepinda au hubanduka.

Kauri yeye huvaa nguo juu ya nyumba. Joho lake hutoka pande mbili likafunika gamba lote, ndiyo sababu linang'aa bila kupigwa rangi: halikwanguliwi na mchanga, na linapakwa upya kila siku. Ukilianika juani miezi michache, mng'ao unakufa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walibeba shehena za kauri wa Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha, na wingi ule ukaporomosha thamani yake. Waganda mpaka leo pesa wanaiita ensimbi, na kwetu simbi ni jina jingine la kauri.

Konokono wa mikokoni nampitia haraka, ingawa tabia yake ni ya kupendeza. Akiwa mdogo hula tope. Akikua, meno ya radula hubadilika umbo na huanza kula majani ya mikoko yaliyodondoka. Mmoja akianza kutafuna, wengine hufuata harufu ya jani lililojeruhiwa, na maji yakiwa yamekupwa utakuta kundi zima limezunguka jani moja kama watu kwenye sinia ya pilau.

Sasa tumfikie pweza. Binamu yake dome alilificha gamba ndani ya mwili: mfupa huu mweupe umejaa vyumba vyembamba, na dome huongeza au kupunguza maji humo ili azame au aelee. Ngisi amebakiwa na kipande chembamba kama plastiki. Pweza ameachana nalo. Kilichobaki kigumu ni mdomo, unaofanana na wa kasuku aliyegeuzwa juu chini, pamoja na gegedu dogo linalozunguka ubongo. Tundu linalopitisha vitu hivyo viwili linampitisha na mwenyewe.

Kwanza tuweke majina sawa. Mfuko huu ambao sokoni unaitwa kichwa ndio joho, na ndani yake ndimo yalimo matumbo. Kichwa ni hapa penye macho. Mguu umegawanyika kuwa minyiri minane. Bomba hili la pembeni hutoa maji kwa nguvu, na ndilo linalomsukuma akikimbia. Ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili mzima. Huo wa mwili husimama anapoogelea kwa kasi. Ndiyo maana mkimfukuza anachoka upesi, na akiwa hana haraka hutambaa.

Ubongo wake umezunguka koo kama pete, na chakula hupita katikati. Kwa hiyo hamezi mafungu makubwa: mdomo unakata, radula inasaga. Pweza wa kawaida wa Mediterania ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko kwenye minyiri. Ndiyo sababu mnyiri uliokatwa unaendelea kushika. Vile vikombe vyake huonja kila vinachogusa, hata anapopapasa ndani ya tundu asiloliona.

Kujua dume na jike, laza pweza macho yakiwa juu, na mfuko ukuelekee wewe. Hesabu minyiri ya kulia kuanzia ule wa mbele kabisa. Fuatilia wa tatu mpaka nchani. Wa dume una mfereji mwembamba ubavuni na ncha yake fupi haina vikombe. Huyu wa leo ni dume.

Ngozi yake ina vifuko vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli inayopokea amri moja kwa moja kutoka kwenye neva. Misuli ikivuta, rangi inatanda, ikilegea, inajikunja. Kazi hiyo haifiki sekunde moja. Cha kushangaza, macho yake yana aina moja tu ya kipokezi cha mwanga, kwa hiyo rangi hazitofautishi kama sisi.

Pweza wetu mkubwa wa mwambani, Octopus cyanea, huwinda mchana. Nje ya tundu lake mtakuta magamba ya kaa na kombe, na ndiyo dalili wanayoifuata wachokoaji, yaani wanaomtoa pweza tunduni, maji yakikupwa. Katika Bahari ya Shamu watafiti walieleza mwaka 2020 jinsi pweza wa jinsi hii anavyowinda pamoja na samaki, na mara nyingine humpiga mmoja ngumi ya mnyiri amwondoe njiani.

Gharama ya kuacha gamba ni maisha mafupi. Huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mayai kwa maelfu mengi, huyaning'iniza darini mwa tundu, huziba mlango kwa mawe, huyapulizia maji safi kwa karibu mwezi mmoja bila kula, kisha hufa. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky alionyesha kwamba ukimwondolea tezi zilizo karibu na macho, jike huacha mayai, anakula tena na anaishi muda mrefu zaidi. Kwa mchokoaji hili lina maana ya moja kwa moja: tundu lililozibwa kwa mawe kutoka ndani liachwe. Kilo mbili za leo ni kizazi kizima kilichong'olewa. Kanuni za uvuvi za Tanzania za 2009 zinakataza pweza chini ya gramu 500, na hicho ni kima cha chini sana, maana utafiti wa Madagaska ulikuta majike wengi hawapevuki kabla ya kilo mbili hivi. Hapo ndipo kufunga mwamba, yaani kuacha kuvua pweza humo, kwa miezi miwili mitatu kunapofaa; Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga kwa muda mwaka 2004. Pweza hukua upesi mno, na miezi hiyo humgeuza mdogo kuwa wa kuuzika. Kosa linalorudiwa ni siku ya kufungua. Kijiji kizima kikiingia mwambani siku moja, faida ya miezi mitatu inakwisha kwa bamvua moja, na matumbawe yanakanyagwa.

Kumsafisha: geuza joho ndani nje kama soksi, kata misuli midogo inayoshika matumbo, toa yote kwa pamoja na uangalie kifuko cha wino, hiki cha fedha kilicho juu ya ini. Wino si sumu, ila utachafua kila kitu. Sukuma mdomo utoke katikati ya minyiri. Kisha mpige jiweni hadi minyiri ilegee, kwa sababu nyuzi za nyama yake zimesukwa pande zote. Mchemshe kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, dakika 45 hadi 60 kwa saizi hii. Moto mkali wa dakika kumi hukaza nyuzi kabla kolajeni, protini inayoshikilia nyama, haijayeyuka, na unakula raba. Msishangae atakapopungua karibu nusu ya uzito. Kuhusu supu yake na nguvu za kiume, anayeiuza anauza chumvi, pilipili na matumaini.

Imebaki chupa. Huyu ni konokono wa jamii ya Conus, mwenye umbo la koni ya aiskrimu. Gamba lake ni zito, hawezi kumkimbiza samaki, kwa hiyo radula yake imegeuka: kila jino ni mshale wenye tundu, unaojazwa sumu na kurushwa kutoka kwenye mrija mrefu. Conus geographus, aliyeko pwani hii, ameshaua watu. Msidanganyike na ushauri wa kumshika upande mpana, mrija unafika hadi huko. Wala msimtie mfukoni. Sehemu iliyochomwa huenda isiume, lakini ganzi husambaa na misuli ya kupumulia ikalegea. Hakuna dawa mahususi ya kuvunja sumu hiyo. Mlaze mgonjwa, funga kiungo chote kwa bandeji iliyobana kama ya kuteguka, asitembee, apelekwe hospitali, na akishindwa kupumua apuliziwe hadi afike. Jamaa yake mwingine, Conus magus, ndiye aliyetoa zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, inayotiwa kwenye maji ya uti wa mgongo.

Sasa piteni mezani kwa zamu, mguse mnachotaka. Waliokwisha kumhesabia pweza mnyiri wa tatu wawaonyeshe wenzao. Chupa isifunguliwe.