Usubi wa Ziwani Asiyeuma: Namna ya Kumtambua

Ndugu zangu, wingu lile linalosimama juu ya Ziwa Victoria kama moshi wa nyasi zinazoungua ni wadudu wa familia mbili: Kironomidi na Kaoboridi. Hao hawaumi. Lakini mtu akimwona mmoja ukutani humwita mbu, akapuliza dawa bure.

Shika lenzi ya mkono inayokuza mara 10, uanze na mdomo. Mbu ana mrija mrefu uliochomoza mbele ya kichwa, hawa hawana. Geukia bawa: la mbu lina magamba kwenye mishipa, la Kironomidi halina. Akitua, Kironomidi aghalabu huinua miguu ya mbele. Mbu huinua ya nyuma. Vipapasio vyenye manyoya msiviamini peke yake, maana huonyesha tu kwamba huyo ni dume, na dume la mbu anavyo pia. Kaoboridi ndiye anayetatiza zaidi: mishipa ya bawa lake imepangika kama ya mbu. Kwake mdomo mfupi ndio shahidi.

Viluwiluwi havifanani kabisa. Cha Kaoborasi, jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) katika familia ya Kaoboridi, ni kama kioo, kina vifuko vya hewa vinavyokisaidia kuelea, na huwinda vijidudu vya majini. Wakubwa wao hutoka ziwani kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Cha Kironomasi, jenasi ya Kironomidi, ni chekundu kwa hemoglobini, ile rangi ya damu inayobeba oksijeni, ndiyo maana kinaishi kwenye tope lenye oksijeni haba, ndani ya kijumba cha tope na hariri. Kina jozi mbili za vijiguu, moja nyuma ya kichwa, moja mkiani. Si jamaa zake wote wekundu, na spiriti ya asilimia 70 hufifisha rangi, kwa hiyo andika rangi kabla hujamtumbukiza.

Kufikia jenasi ya Kironomidi, kata kichwa cha kiluwiluwi, ukiache usiku kucha katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 nyama iyeyuke, kisha suuza kwa maji. Kilaze kwenye slaidi upande wa chini ukitazama juu, uhesabu meno ya bamba la kidevu kwa hadubini. Kikilala ubavu meno hupandana, hayahesabiki. Slaidi nyingi huharibikia hapo.

Kwa spishi, mara nyingi kiluwiluwi hakitoshi. Tafuteni magamba matupu ya pupa (hatua kati ya kiluwiluwi na mdudu mkubwa), yaani ngozi alizozivua mdudu akitoka: huelea, na upepo huyasukumia ufukweni pamoja na povu. Chota povu hilo kwa chujio laini, ulimwage kwenye sahani nyeupe.