Breki ya Mbele Iko Mkono Gani?

Shikamooni wazee wangu mliokaa nyuma. Vijana, hamjambo? Sauti inafika? Haya.

Nimeombwa nizungumzie historia ya baiskeli za milimani. Nitafika huko, lakini naomba nianzie kwenye jino. Hili la mbele, linalong'aa kuliko wenzake. Mnaliona? Si langu. La kwangu lilibaki Irente, juu ya Lushoto, Julai 1996, na kama ng'ombe hawakulikanyaga basi liko hukohuko.

Mimi baiskeli nilijifunzia kwenye Raleigh ya babu. Ile ndefu, nyeusi, ya Mwingereza, ambayo breki zake si za waya bali vile vyuma virefu vinavyoshuka hadi kwenye gurudumu. Miguu haikufika, kwa hiyo nilipitisha mguu ndani ya fremu na kukanyaga nimejipinda kama kaa. Wazee mnacheka kwa sababu mlipita humo humo. Kwenye Raleigh ile, mkono wa kulia ni breki ya mbele, wa kushoto ni ya nyuma. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Mikono yenyewe ilijua.

Nikiwa na miaka kumi na saba, mjomba akashuka Tanga, akarudi na baiskeli ya gia ya mtumba. Gia kumi na nane! Tairi za kashata, nene, fremu ya zambarau, na chini ya siti kibandiko cha duka la Ujerumani. Kijiji kizima kilikuja kuibonyezabonyeza. Babu aliizunguka mara mbili, akauliza, "Sasa hii keria yake iko wapi?" Akaondoka. Kwake yeye baiskeli isiyobeba gunia ilikuwa bado haijaisha kutengenezwa.

Siku ya tatu nikaipandisha Irente. Nilisukuma zaidi ya kuendesha, hilo sitalificha. Kurudi nikachagua njia ya mkato, ile ya miguu, ina mizizi na mawe na kona za kushtukiza. Nateremka, upepo masikioni, najiona mfalme. Kwenye kona namkuta mama anapanda, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, umejaa njia nzima. Nikafanya alichonifundisha babu: kwenye mteremko, breki ya nyuma kwanza. Nikabana mkono wa kushoto kwa nguvu zangu zote.

Ndugu zangu, baiskeli nyingi za Ujerumani breki ya mbele iko kushoto.

Gurudumu la mbele likaganda. Mimi sikuganda. Niliupita usukani, nikampita mama, nikatua kwa mdomo. Nilipoinua kichwa, yule mama hata mzigo hakuutua. Akanitazama, akasema, "Pole mwanangu." Halafu akaiangalia baiskeli. "Na hii ni ya nani?"

Hebu tutulie hapa kidogo, maana watu wengi husema kosa lilikuwa breki ya mbele. Hapana. Breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha kweli. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, na kwenye mteremko unakimbilia zaidi. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ukilibana linateleza tu na kuchora mstari kwenye vumbi. La mbele ndilo limeshika ardhi. Lakini ili likusimamishe bila kukurusha, unalibana polepole, na makalio yako yawe yameshuka nyuma ya siti. Mimi nilikuwa nimekaa wima kama karani, na nililibana kwa hofu. Miaka mitatu baadaye ndipo nilipoelewa.

Sasa historia. Oktoba 21, 1976, vijana kadhaa walikutana juu ya mlima karibu na mji wa Fairfax, kaunti ya Marin, California, Marekani. Walikuwa na baiskeli kuukuu, nyingi za kampuni ya Schwinn za miaka ya 1930, nzito, tairi nene, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kupeleka magazeti. Barabara ilikuwa ya vumbi, ya magari ya zimamoto, urefu kama kilomita tatu na nusu hivi, na ndani ya umbali huo inashuka karibu mita 400. Waliteremka mmoja mmoja, saa mkononi. Aliyeshinda ni Alan Bonds, na wenyewe wanasimulia kwamba alishinda kwa sababu wenzake walianguka.

Baiskeli zile zilifunga breki kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki iko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, pamoja na gololi na grisi. Ukiteremka mlima mzima umeikandamiza, habu inapata moto, grisi inayeyuka na kutoka moshi. Ukifika chini lazima uifungue na kuijaza grisi mpya. Kwa Kiingereza kufungasha upya huko huitwa "repack", na mlima ukapata jina: Repack. Yaani kilima maarufu kuliko vyote katika mchezo huu kimepewa jina la kazi ya fundi baada ya breki kuungua. Mimi naipenda habari hii kuliko medali zote.

Fremu nazo zilikatika. Joe Breeze, aliyekuwa akishindana pale, mwaka 1977 akakaa chini akaunda fremu mpya kwa mabomba ya chuma cha aloi, makusudi kwa ajili ya mlima. Ile ya kwanza leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Gary Fisher, mwenye rekodi ya kuteremka pale kwa dakika 4 na sekunde 22, alikuwa amechoka kupandisha baiskeli kwa pikapu, akafunga gia. Mwaka 1979 yeye na mwenzake Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli zenye fremu zilizoundwa na fundi Tom Ritchey. Mwaka 1981 ikaja baiskeli ya Stumpjumper ya kampuni ya Specialized, iliyotoka kiwandani kwa wingi, na baada ya hapo hata mjomba wangu Tanga akapata ya kwake.

Mnaona ninakoelekea. Breki za waya badala ya moshi, aloi badala ya fremu iliyokatika, gia badala ya pikapu: kila kipande cha ile baiskeli ya zambarau kilikuwa jibu la mtu fulani aliyeanguka kabla yangu. Mimi nilipewa majibu bila kusikia maswali.

Ajali ya pili ni ya mvua. Mjomba alikuwa amefunga keria, babu akaridhika, bibi akanipa peasi nipeleke Soni. Gulio lilikuwa linanisubiri. Mvua ikanikuta njiani, kwenye ule mteremko wenye makorongo. Rimu zilikuwa za chuma, zile zinazong'aa kama sufuria mpya. Kumbe uzuri ule ndio ubaya wake: rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki unateleza kama sabuni. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi zikiwa mvua, lakini nani alijua? Nilibana mikono yote miwili, safari hii kwa nidhamu kabisa, na baiskeli haikupunguza mwendo hata kwa adabu. Nikachagua mtaro. Mimi nilipona, peasi zikaendelea na safari hadi Soni bila mimi. Watoto wa shule waliokuwa wanapanda walizipokea vizuri sana.

Ya tatu nitaipitia haraka. Kijiti kiliingia kwenye mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo, ukavutwa ndani ya spoki, ukakatika. Fundi akautazama, akatikisa kichwa, akafupisha mnyororo na kuniachia gia moja. Gary Fisher alitoka gia moja kwenda nyingi. Mimi nilirudi alikotoka.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, huu mlima wetu hapa Moshi nao umepandwa kwa baiskeli. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, binamu, walifika nazo kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, wakichangisha fedha za hisani. Nawaheshimu. Ila kwenye ule mchanga wa juu, baiskeli ndiyo iliyowapanda wao.

Julai ile niliyovunjika jino, baiskeli za milimani zilishindaniwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta. Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia walichukua dhahabu. Nilisikia redioni, nikiwa nakunywa uji kwa mrija. Bibi akauliza hao wanapewa dhahabu kwa kufanya nini. Nikamwambia, kwa kuteremka mlima na baiskeli. Akanitazama mdomo. Akasema, "Basi na wewe ungesubiri ulipwe."

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, tutoke nje. Ziko baiskeli kumi na moja pale chini ya mwembe, nimezihesabu, na baadhi ni za mtumba. Kofia mtavaa kabla ya kupanda, si baadaye. Mtu asikanyage pedali kwanza. Simama pembeni ya baiskeli yako, isukume kidogo, bana mkono mmoja tu, uangalie ni gurudumu gani linasimama. Halafu njoo uniambie ni kulia au kushoto.