Baridi ikiingia Galveston samaki hawaondoki

Ndugu zangu nianze moja kwa moja maana ukumbi huu tumepewa kwa masaa. Watu wengi hapa Houston, Texas, ikifika Desemba wanafungia fimbo za kuvulia stoo, wanasema samaki wameenda zao. Hawajaenda popote bwana. Chukueni redifishi, yule samaki wa maji chumvi anayeitwa pia red drum: wazee kabisa ndio wanaishi huko nje baharini, lakini wa saizi ya kula, pamoja na ndugu yake blaki dramu (black drum), wapo humuhumu Galveston Bay, ghuba yetu hii, wamebadilisha mtaa tu.

Sasa hili la upepo mlishike. Sisi wa pwani tukisikia kaskazi tunafikiria jua kali, huku upepo wa kaskazini ukishuka jioni ulikuwa na tisheti asubuhi unatafuta glavu, na kibaya zaidi, au kizuri kwa mvuvi, unasukuma maji ya ghuba yatoke nje, yanapwa kuliko kawaida, sehemu za kina kifupi zinabaki tope tupu. Samaki aende wapi? Anaingia kwenye mifereji, kwenye mashimo, kwenye midomo ya vijito, kwenye gati za boti. Wamejazana sehemu moja kama abiria wa daladala ya jioni.

Siku yenyewe ya upepo kaeni ndani, boti ndogo sio za kuchezea. Subirini siku ya pili au ya tatu jua litoke, na msidamke alfajiri jamani, mtateseka bure. Nendeni mchana, kwa sababu tope jeusi linanyonya joto la jua na maji ya juu yake yanapata moto kidogo, na hicho kidogo ndio kinamfanya samaki afungue mdomo.

Redifishi mtamjua kwa doa jeusi karibu na mkia. Kwenye baridi ni mvivu, hakimbilii kitu, kwa hiyo chambo cha plastiki ukivute polepole mpaka uchoke. Blaki dramu yeye ana vindevu chini ya kidevu, anapapasa chini na kunusa, kooni ana meno ya kuponda chaza na kaa. Mpe kipande cha kaa au kamba aliyekufa, chubwi ikae chini, halafu usiguse! Wenyeji wengi wanamdharau huyu samaki na mimi nasema wanakosea, akiwa bado mdogo kwenye mchuzi wa nazi humtofautishi na redifishi, ila jitu kubwa nyama ngumu na mara nyingi ina minyoo, haimdhuru mtu lakini nani anataka.

Sheria ya Texas: redifishi watatu kwa siku, inchi 20 mpaka 28. Blaki dramu watano, inchi 14 mpaka 30. Pimeni hapohapo majini, sio nyumbani. Na ikija barafu kali kama ya Februari 2021, iliyoua samaki zaidi ya milioni 3 pwani ya Texas, serikali inaweza kupiga marufuku uvuvi kwenye yale mashimo yenye kina, na hata wasipopiga marufuku mimi siendi, kumvua samaki aliyezimia kwa baridi sio uvuvi ule.

Eeh, mama pale nyuma anauliza leseni za watoto. Chini ya miaka 17 hawahitaji. Wewe mama unahitaji, na hakikisha ina kibali cha maji chumvi, bila hicho ni faini.